Bomba Lisilotoa Maji

Benchi mbili mbele ya kinyozi, birika la kahawa katikati, na maneno mengi kuliko kahawa: hicho ndicho kijiwe. Siku hiyo wote walikuwa wamechangamka, isipokuwa Fundi, ambaye roho yake ilikuwa juu. Kesho anakwenda kujitambulisha nyumbani kwa mchumba wake, na shangazi wa binti, ambaye neno lake ndilo la mwisho, anaamini mtoto wao anaolewa na fundi bomba wa maji. Kosa ni la Fundi mwenyewe. Alipoulizwa kazi, alijibu kwamba anatunza bomba la kituo cha kurushia televisheni. Bomba lenyewe halina maji wala hewa. Ndani yake elektroni hukimbia kwa msururu mwembamba na kuzaa mawimbi yanayobeba picha.

— Mwambie ni maji ya umeme, yanapita tu, alishauri Spika, yule kinyozi.

— Elektroni hazipiti kirahisi, alisema Fundi. Zote zina chaji ya aina moja, kwa hiyo zinasukumana. Msururu unavimba, unagonga ukuta, bomba linachemka.

— Zina chaji? Basi zikijaa si mnachomoa? aliuliza Spika.

— Anatudanganya huyu, alisema Breki, dereva mstaafu. Ndege wa rangi moja huruka pamoja.

— Hizi za rangi moja ndizo zisizotakana, mzee wangu.

Breki akataka ziongezwe, maana umoja ni nguvu. Fundi akamweleza kwamba ukiziongeza ndipo zinasukumana zaidi, na zikizidi mno, nyingine hugeuka zikarudi zilikotoka. Spika akapiga paja: kumbe ni ndugu wanaogombea mirathi! Breki akaenda mbali zaidi. Ndiyo maana taarifa ya habari hukatika, alisema. Elektroni zimegombana, zimekwenda kwao kususa. Watu wakacheka hadi kahawa ikamwagika, na Fundi naye akacheka.

— Sasa nyie mnazifikishaje?

Aliyeuliza alikuwa mama mmoja aliyesimama nyuma yao na mkoba wake. Fundi alimjua kwa picha. Akainuka haraka.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Nijibu.

— Tunalizungushia bomba sumaku. Haziachi kusukumana, ila sumaku inazibana, zinafika pamoja.

Shangazi alikiri kwamba alikuja kumpima ufundi wake kwa bomba la jikoni kwake linalovuja, na sasa anaona amepotea njia. Lakini hakuondoka. Alimtazama Fundi sana.

— Wewe na mwanangu mtaishi chumba kimoja. Mtasukumana tu. Sumaku yenu ni ipi?

Spika akachungulia kikombe chake kitupu. Breki alitafuta methali, akaikosa.

— Sijui, shangazi, alisema Fundi. Hata yeye nimemuuliza, hajui. Tunaulizana kila siku.

— Kila siku?

— Kila siku.

Uso wa shangazi ukafunguka kwa kicheko.

— Basi kesho njoo mapema. Lile bomba la jikoni nitalitafutia anayejua maji.