Mchanga wa Tangi la Makoye

Kijiwe kiko mbele ya gesti ya Makoye, pale Masumbwe: benchi la magogo yaliyobaki mgodini, birika la kahawa la Januari juu ya mkaa, na chini ya benchi karai la kuoshea dhahabu. Mapokezi, ndani, limewekwa tangi la kioo la samaki wa baharini, na Alhamisi hiyo samaki wote wanne walikuwa wameelea matumbo juu. Hukumu ilishatoka kabla ya kesi: kahawa ikiisha, Rhoda, mfagizi, arudishe funguo aende kwao. Rhoda alisimama mlangoni na ufagio wake. Nyamizi, mtoto wa dada yake, aliyekuwa likizo kutoka chuo, akajipenyeza katikati ya benchi bila kukaribishwa. Kwenye midahalo ya chuo alizoea kuona mwenyekiti na saa. Hapa saa haikuwepo, na mwenyekiti, Makoye, ndiye mlalamikaji.

— Shikamooni. Samaki wameuawa na nini?

— Marahaba. Jicho, — akasema Karasha, aliyepewa jina la mashine ya kusaga mawe kwa kuwa kila hoja huisaga ikabaki vumbi. — Rhoda huwatazama mno. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Alianza na yule wa njano.

— Kwa hiyo methali ndiyo daktari wa mifugo?

— Chuo kimekuharibu, binti.

Dokta Zebaki, ambaye hajawahi kutibu hata kuku, akanyoosha kikombe kiongezwe.

— Mimi nasema ni upweke. Samaki wa pwani umlete Usukumani, hajui salamu, hajui ugali! Presha ikampanda.

— Wote wanne, siku moja?

— Presha ya ukoo.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, — Makoye akadakia. — Hawa siku ya tatu waliona jembe, wakachagua kufa.

Januari akacheka hadi kahawa ikamwagikia mkaa. Nyamizi hakucheka.

— Mzee Makoye, nilikuandikia karatasi. Uchafu wa samaki ni sumu yao wenyewe. Kuna vijidudu vinavyoila hiyo sumu, vinaishi kwenye mchanga. Ndiyo maana tangi likakaa wiki sita bila samaki.

— Na nimekaa! Wiki sita nalisha vijidudu nisivyoviona! Kuna mchimbaji gani mjinga hivyo?

— Shimo lako lina miezi kumi na moja, na dhahabu yenyewe hujaiona. Umemfukuza nani?

Makoye akageukia kikombe chake. Rhoda akapata ujasiri.

— Baba Eliya, — akamwambia Makoye, — jana asubuhi nilikuta sakafu imelowa...

— Shahidi hajaitwa! — Makoye akamkatiza.

Nyamizi akahesabu siku. Kwa karatasi yake tangi lilikuwa tayari. Jumatatu, samaki walipoletwa, maji yalipimwa yakaonekana salama. Hoja yake ilikuwa imefika ukutani, na birika limebaki na kikombe kimoja.

Hapo ndipo akaingia Ghati, muuza samaki wa mapambo kutoka Mwanza, ndoo mkononi. Alikuwa amepigiwa simu aje aone maiti. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye tangi, akainama, akatoka akiwa amekunja uso.

— Jumatatu niliacha mchanga wa kahawia, una utelezi wa uhai. Leo mweupe kama unga wa muhogo. Nani ameuosha kwa maji ya bomba akaua vijidudu vyote?

Karasha akatazama mawingu. Dokta Zebaki akapata kikohozi. Makoye, polepole, kwa kisigino, akalisukuma karai ndani zaidi chini ya benchi.

Nyamizi akainama, akalivuta. Pembeni chumvi ilikuwa imekauka kama ukungu mweupe, na katikati kimelala kipande cha ganda la konokono wa baharini.

— Wazee wangu, — akauliza, — mlipata gramu ngapi za dhahabu?

Januari akapindua birika. Halikutoa tone.

— Kahawa imeisha, — akanong'ona Makoye, kama anayeomba radhi ukuta.

Rhoda akazifunga funguo kwenye ncha ya kanga yake, akasogea mpaka kwenye benchi.

— Inueni miguu, — akasema. — Nafagia.