Miisho Aliyotuachia Belgacem wa Nefta

Assalaam aleikum, jamaa na majirani. Kwa idhini ya familia nimesimama mimi Salha, binti wa kaka yake, niwasomee maisha ya marehemu Belgacem ben Amor, na kwa kuwa najua kilichowaleta baadhi yenu siku hii ya tatu ya msiba si kuskusi wala rambirambi peke yake, naomba mvumilie, tutafika.

Marehemu alizaliwa hapa Nefta tarehe 9 Novemba 1951, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1964, baba yake alipomtoa na kumpandisha mitende, kazi aliyoifanya maisha yake yote, kila machipuko akikwea na shada la maua dume kifuani kwenda kuchavusha majike, na huko juu, alikosema hakuna masikio, ndiko alikotungia hadithi zake.

Mwezi Machi 1978 walikuja watu wa sinema kupiga sehemu ya kwanza ya sinema iitwayo Falme za Anga kwenye uwanda wetu wa chumvi, wakamvika marehemu kofia ya chuma ya askari wa malkia, wakampiga kwa moto wa bandia, akaanguka nyuma ya tuta la mchanga, na kwa mtu mwingine mambo yangeishia hapo. Yeye aliitazama sinema ile mjini Tozeur akarudi na hoja ambayo hakuiacha hadi mwisho: "Mmeniona nimeanguka. Nani kaniona nimekufa?"

Tarehe 14 Agosti 1980 alimwoa Mbarka, dada yake Tijani, wakajaaliwa mabinti wawili na mwana mmoja, na miaka hiyo yote aliiendeleza hadithi hadharani kwa kinyozi Hedi, jinsi askari anavyoamka, anavyofukuliwa na wachimba chumvi, na anavyogundua kuwa malkia aliyempigania ndiye aliyeiuza sayari. Mwaka 1986 ikatoka sehemu ya tatu, na katikati yake askari mwenye kofia ya chuma akafufuka kutoka ndani ya chumvi, ukumbi mzima ukapiga makofi, isipokuwa marehemu, aliyegeuka kitini akawatazama rafiki zake mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo hakulala na moyo mweupe, akiamini mmoja wao ndiye aliyewapelekea watu wa sinema hadithi yake. Hedi alikuwa akiwanyoa wageni hao, dereva Lazhar alikuwa akiwaendesha jangwani, shemeji yake Tijani alikuwa amekula nao meza moja na Kifaransa anakijua, na kikulacho ki nguoni mwako, lakini ki katika nguo ipi? Basi akafanya kama afanyavyo mkwea mitende, ambaye hulipatia kila jike shada la dume lake, kisha akionja tende anajua ilichavushwa na dume lipi. Alimwita kila mmoja peke yake, akamwapisha, akampa mwisho wa hadithi usiofanana na wa mwenzake, akangoja aone ni upi utakaotokea kwenye sinema. Mtego ulikuwa mzuri, ila wenye sinema hawakutengeneza nyingine, na marehemu akangoja hadi mvi.

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa Januari mwaka huu, akafariki tarehe 3 Machi 2019, alasiri, mkewe akiwa kando yake.

Sasa jana, hapa hapa uani, Hedi akifuta machozi alisema ni heri marehemu amepumzika, kwani malkia naye anazama kwenye chumvi. Lazhar akaruka, "Acha uongo, Ammi Hedi! Malkia anaolewa na askari, mimi kaniapisha kwa Mungu!" Tijani akaweka chini glasi ya chai, "Nyote hamjui kitu, malkia mwenyewe ndiye askari, kofia hiyo ilivaliwa kwa nini?" Mliokuwepo mliona kola zilivyokamatwa, na wazee watatu walivyoziachia ghafla, kila mmoja alipotambua kwamba kumbe naye alikuwa akijaribiwa.

Mjane wake, Lalla Mbarka, hakuambiwa mwisho wowote, na jambo hilo lilimuuma miaka yote, hadi huko hospitali alipouliza, "Kinyozi anajua, dereva anajua, mimi mkeo nimekukosea nini?" Marehemu alicheka hadi kikohozi kikamshika, akasema, "Wale nilikuwa nawajaribu, Mbarka. Wewe nikujaribie nini?" Ndipo akamsimulia ule wa kweli, mchana kutwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuchota maji, na wakwea mitende wenzake waliolibeba jeneza. Inawashukuru kipekee Hedi, Lazhar na Tijani, kwa kuwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyefumbua mdomo juu ya mwisho aliopewa, na inatuuma kwamba marehemu ameondoka bila kulijua hilo.

Wanaouliza juu ya mwisho wa kweli, Lalla Mbarka amenituma niseme kwamba anao, kwamba aliyewapa wageni habari ya askari kufufuka chumvini bado hajajitaja, na kwamba anaamini yumo humu uani anakula kuskusi yake. Hadi ajitaje, hatausema.

Mungu akulaze pema, Ammi Belgacem. Tumekuona umeanguka.