Siki Ndani ya Birika

Asubuhi ile kijiwe chetu kilikuwa kinakata roho. Mdomo wa birika la Shangazi, muuza kahawa wetu, ulikuwa umezibwa na ukoko wa chokaa ya maji magumu, na Shangazi hana utani: birika lisipozibuka leo, anahamia kituo cha mabasi. Kinyozi alikuwa karibu kulia. Na mimi pia, sifichi. Ndipo akatokea Profesa, fundi redio aliyewahi kusoma kemia muhula mzima, ana chupa ya siki mkononi. Akaimimina yote ndani ya birika.

— Siki ni asidi ya kaboksili, akasema Profesa. Kaboni moja imeshika oksijeni mbili. Moja kaishika kwa mikono miwili, nyingine kwa mkono mmoja. Hiyo ya mkono mmoja ndiyo imebeba haidrojeni.

— Halafu? akauliza Kinyozi.

— Haidrojeni yenyewe haitulii nyumbani! Ikiiona chokaa tu, imeondoka.

Birika likaanza kutoa povu, chiii, wala halijakaa jikoni.

— Mama yangu! Linapumua! akapiga kelele Kinyozi.

— Gesi hiyo, chokaa inaliwa. Ukoo huu mkubwa, bwana. Ndimu ni wao. Maziwa mgando ni wao. Hata siafu akikuuma, anakutia asidi iliyo binamu wa siki.

Mshona Viatu akadakia:

— Basi siafu tuwakamulie kwenye mboga!

— Na siagi ikichacha… akaendelea Profesa.

— Wao! Na soksi za Kinyozi, wao! Na mama mkwe wangu akinuna, kaboksili tupu!

Kinyozi akainua kidole:

— Wahenga walisema, mchelea mwana hulia mwenyewe.

— Mwana gani tena? Hapa kuna birika!

Chokaa ikatoka mabonge mabonge. Profesa akaimwaga, Shangazi akabandika kahawa, na ilipomiminika tukapiga makofi hadi mtaa mzima ukageuka. Shangazi alicheka hadi machozi, akaapa haendi kokote.

— Ina ukali fulani, akasema Kinyozi. Wa kisasa.

— Ndiyo kahawa yenyewe, akasema Mshona Viatu. Siku zote tulikuwa tunakunywa chokaa.

— Ladha ya sayansi hiyo, akasema Profesa.

Mama mmoja mpita njia akatua kikapu chake cha vitunguu, akaomba kikombe. Akaonja. Akakunja uso.

— Samahani, nani alilisuuza birika?

Profesa akamtazama Kinyozi. Kinyozi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Shangazi, naye keshashika mwiko. Tukatimua mbio huku tunacheka, kila mtu na kikombe chake.