Povu Lililopona Barafu: Risala ya Wanawake wa Darasa la Sufu, Uporoto

Mgeni rasmi, Bibi Afisa Maendeleo wa Jimbo letu, pamoja na wazee na majirani,

Ndaga fijo, asante sana, kwa kuupanda mlima wetu katika baridi hii ya Julai. Sisi wanawake wa Darasa la Sufu tumefurahi mno kukuona. Anayetusomea ni mwalimu wetu, Lusia. Sauti yake ikififia, tumemwahidi kuipokea.

TULIKOTOKA

Darasa lilianza mwaka 1954 katika ghala la zamani la pareto. Tunaosha sufu ya kondoo wetu, tunaisokota na kufuma mablanketi. Sabuni ya mche iliifanya sufu kuwa ngumu, tukarudia matunda ya porini waliyofulia bibi zetu. Ukiyaponda majini yanatoa povu laini. Tunayaponda jioni, na maji yake hulala uani katika madebe.

Hapo ndipo tulipokosea. Kila maji hayo yalipoganda, tuliyamwaga. Huku kwetu viazi vikipigwa na barafu havifufuki, tukadhani na povu ni vivyo hivyo. Ukaguzi wa mwaka jana ulitukuta tukimwaga, ikaamriwa darasa lihamie Ilomba, kusiko na barafu.

USHINDI WETU

Asubuhi moja baada ya amri hiyo, Mama Waridi, mke wa Mzee Alawi mwenye duka, alichelewa kumwaga debe lake. Jua lilishatoka, barafu ikawa inadondosha matone.

“Mwaga, Mama Waridi! Limekufa hilo,” alisema mwenzetu Tupokigwe.

“Maiti gani huyu anatoa povu? Njoo umshike, au waogopa?”

Tulicheka, kisha tukajaribu. Matone ya kwanza yalitoa povu zito kabisa. Kipande cha mwisho cha barafu kilikuwa karibu maji matupu.

Mwalimu alikumbuka aliyofundishwa chuoni, akatueleza. Kitu kinachotoa povu katika matunda haya kimeungana na sukari: upande wa sukari hushikana na maji, upande wa pili hushika mafuta ya sufu. Maji yanapoganda hujipanga peke yake, na kukisukuma kitu hicho kwenye maji machache ambayo bado hayajaganda. Barafu ikianza kuyeyuka, hayo ndiyo hutangulia kutoka.

Kumbe barafu haikuua kitu, ilikuwa inatukamulia! Sasa matone ya kwanza tunaoshea sufu chafu, ya mwisho tunasuuzia. Blanketi lililo mezani kwako limeoshwa hivyo. Tafadhali liguse.

KINACHOTUSUMBUA

Amri ya kuhama bado ipo. Tupokigwe ananyonyesha, Mama Waridi anauguza mama mkwe, na wengi wetu hatutaweza kwenda. Darasa litafika Ilomba bila wanawake wake, bila kondoo, bila barafu.

OMBI

Tunaomba jambo moja: tuachwe hapa hapa. Mwaka jana barafu ilikuwa sababu ya kutuhamisha. Leo ndiyo inayotufanyia kazi.

Debe la jana liko pale juani, limeanza kudondosha. Kabla hujatujibu, Bibi, tunakusihi ukunje mikono ya gauni, unawe kwa matone ya kwanza. Tupokigwe ameshika taulo.

Mungu akulinde katika kona zote za kuteremka, na blanketi hili likupashe moto hata ukifika Iringa.

Ni sisi,
Wanawake wa Darasa la Sufu, Uporoto