Mwalimu Erlinda Pagayon Tandoc, Mgeni wa Miaka Ishirini Lampang

14 Agosti 1967 – 20 Februari 2024

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na Suphattra Chaiwong kwa niaba ya familia zote mbili, Jumamosi, tarehe 24 Februari 2024

Baba Padri, walimu, wanafunzi wa zamani na wa sasa, majirani wa mtaa wa mafundi cherehani, na ndugu wa Ufilipino mnaotufuata kwa simu: huyu tuliyemleta hapa asubuhi hii mnamjua kwa sauti. Wengi wenu aliwafundisha kusema Kiingereza. Yaliyomfikisha kwetu wachache mnayajua, kwa sababu hakuwa mtu wa kujisimulia.

Mwalimu Erlinda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1967 katika wilaya ya San Remigio, mkoa wa Antique, nchini Ufilipino, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto saba wa Mzee Teofilo Pagayon, mkulima wa mpunga, na Bibi Salvacion, wote sasa marehemu. Siku hiyo mto ulifurika na mkunga akakwama ng'ambo, hivyo aliyempokea ni baba yake mwenyewe, kwa mikono iliyotoka shambani. Mzee huyo hakuacha kujisifu kwa jambo hilo hadi alipofariki.

Alianza shule ya msingi mwaka 1974 na kumaliza sekondari mwaka 1984. Katika miaka ile wanaume wengi wa kwao walikuwa mabaharia kwenye meli za mizigo, na wake zao walihitaji mtu wa kuwaandikia barua. Erlinda alikuwa na mwandiko mzuri, na tangu ana miaka kumi na miwili wanawake walimjia jikoni kwa mama yake, wakakaa, wakasema, naye akaandika. Dada zake walimsumbua awaambie yaliyomo. Hakuwaambia hata neno. Aliwahi kusema kwamba kuna mwanamke aliyemfanya aandike barua ile ile mara tatu na kuichana mara tatu, na ndipo alipojua kuwa umbali ni kazi, watu huufanya kila siku kama wanavyofanya kazi nyingine. Mwaka 1988 alihitimu ualimu mjini Iloilo.

Alifundisha shule ya msingi ya kwao kwa miaka kumi na mitano. Tarehe 6 Juni 1992 alifunga ndoa na Nestor Tandoc, fundi wa mashine za kukoboa mpunga, mtu wa utani mwingi. Walijaliwa mtoto mmoja, Rommel, aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 1994. Nestor aliugua figo na kufariki mwezi Septemba 2003. Baada ya msiba, mshahara wa mwalimu wa kijijini haukutosha mjane, mtoto na mama yake mzee. Binamu yake aliyekuwa Bangkok akamwambia kwamba huku kaskazini mwa Thailand shule zinatafuta walimu wa Kiingereza. Erlinda alimkalisha Rommel kitandani, akamwambia anaondoka kwa miaka miwili, yeye abaki na Bibi Salvacion. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Alihesabu kwa vidole, akasema sawa, nitakuwa na kumi na moja.

Alifika Lampang tarehe 9 Mei 2004, na hata kufika kulikuwa na kisa. Binamu alimwandikia "Lampang" kwenye karatasi, lakini bango la stesheni yetu linasema "Nakhon Lampang". Akaona huo ni mji mwingine, akabaki kitini, gari moshi likampeleka hadi Chiang Mai. Alirudi kwa basi, akatua mlangoni kwa mama yangu mzazi, Mama Bunruean Chaiwong, fundi wa sare za shule, akiwa na begi moja na miguu iliyovimba. Mama Bunruean alikuwa na chumba cha kupangisha juu ya duka. Hawakuwa na lugha ya kuongea. Mama alimwonyesha kiti, akamletea beseni la maji ya uvuguvugu aweke miguu. Kodi walikuja kuizungumza kesho yake.

Kazi haikumpokea vizuri. Shule binafsi ya kwanza, ambayo sasa imefungwa, ilitundika langoni picha ya Mzungu mwenye tai ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na aliyeingia darasani ni Mwalimu Erlinda, kwa mshahara mdogo kuliko wa huyo wa kwenye picha. Katika kikao cha wazazi, mama mmoja alisimama.

"Sisi tuliahidiwa Mzungu," alisema. "Huyu kafanana na sisi."

Mwalimu alikuwa na Kithai cha miezi sita tu, tena cha kuchechemea. Akajibu polepole, "Ni kweli, nafanana nanyi. Mwanao akinisikia naongea Kiingereza, atajua na yeye anaweza."

Mama yule yupo hapa leo. Ameleta shada, na ameniruhusu kusema.

Kuanzia mwaka 2009 hadi alipougua alifundisha shule ya serikali karibu na mto Wang, na huko ndiko alikojulikana mji mzima. Lakini kila siku tisini ilibidi aende ofisi ya uhamiaji kuripoti kwamba bado yupo, na anakaa palepale. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini. Alikuwa akirudi na kikaratasi cha kuthibitisha kuwa ameripoti, anakibana kwenye pasipoti, anamwambia Mama Bunruean, "Dada, nimekubaliwa tena. Usibadilishe kufuli."

Nyumbani alikuwa Mama Mdogo wangu. Nilikuwa na miaka minane alipokuja, na baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikaa nami mezani kila jioni mpaka kazi za shule ziishe. Nyuma ya duka kulikuwa na mlonge; Mama Bunruean alichuma maganda kwa mchuzi wetu, yeye alichuma majani kwa supu ya kwao, na wote wawili waliamini mwenzake anakula sehemu isiyofaa. Jumapili Mama Bunruean, ambaye ni Mbudha wa kwenda hekaluni kila sikukuu, alimpigia pasi blauzi ya kanisani na kumkaripia akichelewa misa.

Hatutatenda haki tukisema haya tu. Miaka miwili ilipita, ikawa minne, ikawa minane. Kwanza ilikuwa ada ya Rommel, kisha paa la Bibi, kisha chuo. Alipiga simu nyumbani kila Jumapili baada ya misa. Rommel alipofika miaka kumi na mitano aliacha kuja kwenye simu. Bibi Salvacion alisema yuko uwanjani, na nyuma yake mtoto alisikika akikohoa. Mwezi Machi 2012 Mwalimu alisafiri kwenda kumwona akimaliza sekondari. Kwao mzazi hupanda jukwaani kumvisha mtoto utepe. Jina lilipoitwa, Mwalimu alisimama, kwa gauni alilokuwa ameshonewa na Mama Bunruean kwa ajili ya siku hiyo. Rommel alimpita, akamshika Bibi mkono, akapanda naye. Mwalimu alibaki kwenye viti akipiga makofi. Aliporudi Lampang alilitundika lile gauni kabatini, na hatukumwona akilivaa tena. Leo amelivaa.

Agosti 2020, mipaka ikiwa imefungwa kwa ajili ya ugonjwa ule, Bibi Salvacion alifariki. Mwalimu alifanya novena ya siku tisa mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya mchuzi wa samaki, Mama Bunruean kando yake amekutanisha viganja, haelewi neno hata moja. Siku ya maziko aliyemshikia simu kule alikuwa Rommel. Aliishika juu ya jeneza saa mbili nzima. Picha ilianza kutetemeka, Mwalimu akamwambia apumzishe mkono. Hakuupumzisha.

Tangu hapo waliongea kila Jumapili, maneno machache, habari ya mvua na chakula.

Juni 2023 alianza kukohoa, na tarehe 11 Julai madaktari wakatuambia ni saratani ya mapafu, imeshasambaa. Hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Aliendelea kufundisha mpaka Oktoba, akiwa amekaa. Alitukataza kumwambia Rommel, akisema ana kazi yake ya umeme Iloilo na ameanza tu kutulia. Miezi sita nilitii. Mwezi Januari, alipoanza kushindwa kupanda ngazi, nilimwandikia Rommel mwenyewe. Mama Mdogo, kwa hilo nilikuasi, na sijutii.

Rommel alifika tarehe 28 Januari 2024. Nilimpokea stesheni. Alinitazama kwa muda kabla ya kunipa mkono.

"Kumbe wewe ndiye Suphattra," alisema. "Habari zako nimezisikia tangu nina miaka tisa. Umefaulu hesabu, umeota meno, umepata homa."

Nilibeba begi lake.

Mwalimu alikuwa kitandani, amechana nywele. Hakumuuliza amekuja kwa nini wala nani kamwambia. Alimuuliza jambo ambalo mgeni wa nchi hii humuuliza mgeni mwenzake.

"Uwanja wa ndege wamekupa siku ngapi za kukaa?"

"Thelathini."

"Zinatosha," alisema.

Rommel alilala sakafuni kando ya kitanda. Alijifunza kupasha uji, kumgeuza, kumsugua mgongo. Siku ya kumi na moja alimuuliza swali lake. Yafuatayo mimi sikuyasikia kwa masikio yangu, maana waliongea lugha ya kwao. Rommel mwenyewe amenieleza na ametaka yasomwe, kwa sababu hataki mama yake aheshimiwe kwa kufichwa.

"Chuo nilimaliza elfu mbili na kumi na sita," alimwambia. "Hapakuwa na ada tena. Mbona hukurudi?"

Mwalimu akasema, "Niliogopa. Hapa kila mtoto njiani ananiita mwalimu. Kule kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuniita mama, naye alikuwa haniiti."

Rommel alishuka chini, akatoka, akazunguka mjini mpaka jua likatua. Aliporudi alimlisha uji. Hawakulizungumza tena. Sijui kama walisameheana. Rommel anasema naye hajui. Anasema kwamba zile siku zilizobaki alimwita Mama kila alipopata nafasi, hata pale ambapo hapakuwa na haja, akimwita amwambie tu kwamba maji yamechemka.

Siku thelathini zilikuwa zinakaribia kwisha. Jumanne, tarehe 20 Februari, asubuhi, Mwalimu alikuwa ametulia, amekunywa maji. Rommel alikwenda ofisi ya uhamiaji kuomba aongezewe. Foleni ilikuwa ndefu. Afisa aliposoma jina lake aliinua kichwa, akamuuliza ana uhusiano gani na Mwalimu Tandoc.

"Ni mama yangu," Rommel alisema.

Afisa alisimama, akamuamkia kwa kukutanisha viganja, akagonga muhuri bila swali jingine. Saa nne na dakika ishirini, wakati Rommel yuko dirishani, Mwalimu Erlinda alikata roho katika chumba chake juu ya duka, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama Bunruean, cherehani za chini zikiendelea kulia kwa sababu wasichana walikuwa hawajaambiwa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Rommel alirudi na pasipoti wazi mkononi, wino haujakauka vizuri. Alipanda ngazi akisema kwa sauti, "Mama, wamenipa thelathini nyingine." Mama Bunruean alimsubiri mlangoni.

Mwalimu alikuwa ameomba azikwe hapa. Rommel alikataa. Alisema miaka ishirini imetosha, sasa anarudi kwao. Hakuna aliyembishia, ni haki yake. Jioni alikaa dukani na Mama Bunruean, mimi nikitafsiri, akamuuliza mama yake alikuwa akirudi kutoka kazini saa ngapi kila siku.

"Saa kumi na nusu," Mama alijibu. "Siku za mvua saa kumi na moja. Anavua viatu pale, wa kushoto kwanza, goti lake la kulia linamuuma. Anasema amechoka, kisha anasimama kunisaidia kukata nyuzi. Alhamisi anataka tambi. Ukimpa pilipili nyingi anakula na kulia. Jumapili akimaliza simu yako haongei mpaka chakula cha mchana."

Aliendelea hivyo mpaka chai ikapoa, Rommel akisikiliza kama mtu anayeandikishwa imla. Mwishowe alisema, "Basi abaki hapa, kwa wanaomjua. Mimi ningempeleka mahali ambapo mimi mwenyewe simjui." Ndiyo sababu tumekusanyika kwenye kaburi hili, na si kwenye uwanja wa ndege.

Marehemu ameacha mtoto wa kumzaa, Rommel. Ndugu wanne huko Antique, Wilfredo, Merlinda, Amado na Teresita. Dada wa hiari, Mama Bunruean Chaiwong. Na, kwa kuwa Rommel alichukua kalamu jana akaiongeza mistari hii mwenyewe, binti mmoja, Suphattra. Ameacha pia wanafunzi wengi kuliko tunavyoweza kuwataja.

Rommel atakaa katika chumba cha juu mpaka siku alizopewa ziishe.

Mwalimu, Dada, Mama Mdogo, Mama: hakuna tena atakayekuuliza unakaa hadi lini. Lala salama, na Mungu akupe pumziko lisilo na tarehe ya mwisho.