Mama Ngoja wa Kliniki ya Masikio

Baada ya miaka thelathini na minne katika utumishi wa afya, Bi. Phelesia Akeyo anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Ninyi mnaosoma jarida hili la wafanyakazi mnamjua kama tabibu wa masikio, pua na koo, yule wa mlango wa mwisho upande wa wagonjwa wa nje hapa Migori. Wazazi wanamjua kwa jina jingine. Wanamwita Mama Ngoja, na si wote waliompa jina hilo kwa upendo.

Alizaliwa Sindo, kando ya Ziwa Victoria, akasomea Sindo, na kazi yake ya kwanza akapangiwa Sindo. Anasema hilo lilimnyima nafasi ya kujifanya mkubwa, kwa sababu kila mgonjwa aliyeingia alikuwa amemwona akiwa na kamasi. Baadaye alikwenda Nairobi kusomea masikio, akarudi Homa Bay, kisha akaletwa kwetu. Tulidhani angekaa mwaka mmoja. Amekaa mpaka wagonjwa wakadhani chumba kile kilijengwa akiwa ndani.

Jina la Mama Ngoja lilitoka wapi? Lilitokana na watoto wadogo ambao majimaji mazito hujaa nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto haumwi, hana homa, ila anasikia kama mtu aliyefunikwa blanketi. Tiba moja inayojulikana ni kumlaza kwa dawa ya usingizi, kutoboa ngoma ya sikio tundu dogo sana na kupachika humo kibomba cha plastiki kisichozidi punje ya mtama, ili hewa iingie na sikio likauke. Mzazi akishasikia kuna kibomba, anataka kibomba leo. Amesafiri kutoka mbali na hataki kurudi nyumbani mikono mitupu. Bi. Phelesia humsikiliza mpaka mwisho, humpima mtoto, kisha humwambia angoje miezi mitatu. Kwa watoto wengi, anasema, majimaji hayo huondoka yenyewe, na hakuna sababu ya kumlaza mtoto mezani kwa jambo ambalo mwili wake utalimaliza.

Siku moja mwenzetu mmoja mtundu alibandika mlangoni pake karatasi yenye maneno "Subira huvuta heri." Bi. Phelesia aliibandua kabla hajavua koti. Alisema subira isiyo na tarehe ya kurudi ni uzembe. Hajawahi kumwambia mzazi angoje bila kumpa tarehe, na bila kumpa kazi ya kufanya wakati wa kungoja: zima redio unapoongea na mtoto, mwangalie usoni, mwambie mwalimu amketishe mbele, na baba akavutie sigara yake nje. Asiyerudi tarehe hiyo alipigiwa simu, na simu za Bi. Phelesia si za kubembeleza.

Kwa miaka mingi alivuka pia kwenda kisiwa cha Takawiri kuendesha kliniki. Huko alikutana na Maurice, mvuvi aliyetaka binti yake awekewe vibomba upesi. Mtoto wa kisiwani huoga ziwani, huchota maji ziwani na hucheza humo mpaka aitwe mara kumi. Sikio lenye kibomba halitaki kuzamishwa. Bi. Phelesia alimuuliza, "Nikimwekea, wewe utamfunga kamba asiingie maji?" Maurice alicheka akasema hata yeye mwenyewe hangeweza kufungwa. Wakangoja, na masikio ya yule binti yakafunguka bila mtu kuyagusa. Mpaka leo Maurice humletea samaki, na sisi humsaidia kumla.

Lakini nikiambiwa nitaje mtoto mmoja tu, nitamtaja Cliff wa Ntimaru.

Cliff aliletwa akiwa na miaka mitatu na ushee. Baba yake, Boaz Gisiri, hufanya biashara ya mahindi huko mpakani na Tanzania. Mama yake, Susana, ni mtu wa maneno machache. Aliyekuwa na maneno ni nyanya, mama yake Boaz, Bibi Mokami, aliyekuja kuhakikisha hakuna mtu atakayemchezea mjukuu wake. Boaz alieleza shida kwa sentensi moja: "Daktari, huyu mtoto hasikii." Nyanya akaruka hapo hapo: "Anasikia! Nikimwita akiwa huko kwa ng'ombe anakuja mbio. Ni kichwa ngumu tu." Kumbe nyumbani "hasikii" ilikuwa na maana moja tu, ile ya ukaidi. Mtoto huyo alikuwa amesomewa methali ya asiyesikia la mkuu, pamoja na fimbo yake, kabla hajajua kutamka jina lake mwenyewe. Maneno aliyokuwa nayo yalihesabika kwa vidole, na hata hayo Susana peke yake ndiye aliyeyaelewa. Mwalimu wa chekechea alikuwa ameshashauri apelekwe shule ya watoto wenye mahitaji maalum.

Bi. Phelesia aliweka mashine yake sikioni. Mashine hiyo huchora mstari: sikio lenye hewa huchora kilima, na sikio lililojaa majimaji huchora mstari uliolala. Mstari wa Cliff ulilala pande zote mbili. Boaz aliomba upasuaji siku hiyo hiyo. Mama Ngoja, kama kawaida yake, alimpa tarehe. Boaz alitoka akisema maneno ambayo jarida hili haliwezi kuchapisha.

Walirudi siku waliyopangiwa, wote wanne. Mstari ulikuwa umelala vile vile, na Cliff hakuwa ameongeza hata neno moja. Bi. Phelesia alitazama karatasi, akamtazama mtoto, akasema, "Kwa huyu, tusingoje tena." Daktari Makori, mpasuaji wetu, alikuwa amepita kuchukua faili. Alirudi nyuma hatua moja akaomba arudiwe hayo maneno, maana kwa miaka waliyofanya kazi pamoja alikuwa bado hajayasikia kwake upesi namna hiyo. Bi. Phelesia alimwambia kwamba majimaji yanaweza kusubiri, lakini maneno hayasubiri, na mtoto asiyepata maneno umri huu atayatafuta kwa shida baadaye.

Boaz alikubali mara moja. Susana alimtazama mama mkwe wake. Bibi Mokami akasimama.

"Nyinyi ni watu wa kusoma," alisema. "Niambieni. Ngoma ikitobolewa, inalia tena?"

Hoja ilikuwa nzuri na Ntimaru wanajua ngoma. Bi. Phelesia alicheka kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyepata mpinzani wa kiwango chake. Akamuuliza naye, "Na ukiijaza uji, mama?" Bibi Mokami alifikiri. "Hiyo pia hailii," alisema, na akabaki amesimama.

Wengi wetu hapo tungeendelea kubishana, au tungemwambia Boaz kwamba yeye ndiye mzazi, asaini tu. Bi. Phelesia alikataa. Alisema mtoto atarudi kulala nyumba moja na nyanya yake, na mtoto mwenye tundu sikioni anahitaji mtu anayeliamini hilo tundu, la sivyo litamwagiwa dawa za kienyeji kabla wiki haijaisha. Badala yake alimwomba bibi akae nyuma ya Cliff, ambaye alikuwa sakafuni akipanga vifuniko vya chupa, aufunike mdomo kwa leso, na aongee naye kwa Kikuria kwa sauti ile ile anayoitumia nyumbani wakiwa wawili jikoni.

Bibi Mokami alimwita kwa majina yote mazuri ya mjukuu. Akamwambia kuna viazi vitamu ndani ya kikapu. Cliff aliendelea kupanga vifuniko. Bi. Phelesia akamwomba bibi ahamie mbele, aondoe leso, aseme yale yale kwa sauti ile ile. Cliff aliutazama mdomo wa nyanya yake, akatabasamu, akaenda moja kwa moja kwenye kikapu.

Viazi vilikuwemo kweli. Cliff alikula, na nyanya yake akamtazama. Kisha alimwambia Susana neno kwa Kikuria, na Susana akatufasiria akiwa analia. Alikuwa amesema: "Tumekuwa tukimchapa mtoto kwa kosa la sikio." Sisi tuliokuwa humo tulitafuta kila mmoja pa kuangalia. Bi. Phelesia alimshika bibi mkono akamwambia ukweli wote, mzuri na mbaya: sikio linaweza kutoa usaha, kibomba kitaanguka chenyewe baada ya mwaka hivi, na pengine majimaji yatarudi na wataanza upya. Hakupunguza lolote ili akubaliwe. Bibi Mokami alisikiliza hadi mwisho akasema, "Toboeni."

Daktari Makori alifanya kazi yake vizuri. Walipokuja kuangaliwa mara ya kwanza, Boaz alisimulia kwamba mvua ilipopiga mabati Cliff aliziba masikio akauliza ni nani anapiga kelele. Susana alisema sasa anaimba, vibaya, mchana kutwa. Bi. Phelesia alimgeukia nyanya kutaka kujua yeye anaonaje. Bibi Mokami alijibu, "Sasa anasikia. Lakini hasikii." Alisema kwa fahari kubwa sana.

Kibomba cha kushoto kilianguka mwaka jana, cha kulia kikafuata, na hofu ikarudi kwa sababu hapo ndipo majimaji hupenda kurejea. Kipimo cha mwisho kilipangwa mwezi huu, katika wiki ya mwisho ya Bi. Phelesia kazini. Kama mstari ungelala tena, uamuzi mpya ungemwangukia Bi. Roseline anayemrithi, na Bi. Phelesia hakuficha kwamba jambo hilo lilimkosesha raha. Cliff yuko darasa la kwanza sasa. Mashine ilichora vilima viwili. Hata hivyo Bi. Phelesia haamini mashine peke yake. Alikaa nyuma ya mtoto, akaziba sikio moja, akamnong'onezea maneno ayarudie, kama anavyofanya kwa kila mtoto. Ng'ombe. Kiti. Maziwa. Cliff aliyarudia yote bila kosa, sikio hili na lile. Neno la mwisho alilonong'ona lilikuwa "kwaheri."

Cliff hakulirudia. Aligeuka, akamtazama, akauliza, "Unaenda wapi?"

Bi. Phelesia alivua miwani akaifuta, na akaendelea kuifuta.

Basi tumjibu Cliff sisi. Anaenda nyumbani Sindo, mwanangu, kwa Mzee wake na kwa wajukuu watatu, watoto wa binti yake Beverly, ambao tunawaonya mapema kwamba redio itazimwa. Tunamshukuru kwa kila mtoto aliyemwokoa na kisu kisicho na lazima, na kwa wale wachache aliowapeleka kwa kisu bila kuchelewa. Ero kamano, Min Beverly; asante, Mama Beverly. Uwe na afya, upumzike, na maisha yako huko ziwani yawe mema kuliko tunavyojua kukutakia. Ila sisi huku hatujui kungoja kama ulivyotufundisha, kwa hiyo utupe tarehe ya kurudi kututembelea.

Maxwell Omosa, muuguzi, kwa niaba ya Kliniki ya Masikio, Pua na Koo