Obed Mtewele, Katibu wa Usajili Aliyebisha Hodi Kila Nyumba

Baba Mchungaji, ndugu wafiwa, viongozi wa klabu, nanyi vijana wa Baridi Stars mliochimba kaburi tangu alfajiri na bado mna udongo miguuni, nimetumwa na familia nisome habari za kaka yetu, mimi ni Kefa, mdogo wake anayemfuata, mtanivumilia nikisoma polepole, kwa kuwa nyumba yetu imechoka.

Obed Mtewele alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Mtwango, Njombe, mtoto wa pili wa Mzee Elius Mtewele na Mama Ema, akabatizwa mwaka huo huo, akasoma Shule ya Msingi Mtwango kuanzia 1969 hadi 1975, na masomo yakaishia hapo, kwa sababu baba aliugua na shamba la viazi lilihitaji mikono. Alipata kipaimara mwaka 1977.

Mwaka 1982 aliajiriwa kibarua, baadaye mtunza stoo, katika stesheni ya reli Makambako, alikotumika hadi alipostaafu Juni 2016. Tarehe 21 Septemba 1985 alifunga ndoa takatifu na Jenifa Nyagawa, Mungu akawajalia watoto wanne, Matilda, Nahumu, Rodrick na Brightness, na wajukuu saba.

Wengi wenu mlimjua kwa mpira. Mwaka 2011 Baridi Stars walimchagua kuwa katibu wa usajili, na msimu wake wa kwanza alikosea vibaya, maana alisajili kikosi karibu chote kutoka Lupembe, vijana wenye pumzi ya milimani na wasioogopa baridi ya Julai, ila wote wakulima, mvua ya Novemba ilipoanza wakaomba ruhusa kwa pamoja waende kupanda mahindi, tukaenda Ludewa na wachezaji tisa, mmoja wao dereva wa gari lililotupeleka, tukafungwa mabao saba. Sokoni walimtania, "Katibu, umesajili timu au kikundi cha kulima?"

Tangu hapo usajili wake ulianza na mvua. Kule Lupembe mvua huwahi, kule Wanging'ombe huchelewa, kwa hiyo kila nafasi aliiwekea wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, beki wa Lupembe akienda kupanda, wa Igwachanya, huko Wanging'ombe, yupo, na huyu akiondoka, mwenzake amekwisha kurudi. Hakufuata majina makubwa, alisema timu hujengwa kwa misimu mitatu, na kocha akidai mshambuliaji mpya alimwuliza kwanza ni nani anayempa pasi huyu aliyepo. Kwa kikosi hicho, miaka minne iliyopita, tulishika nafasi ya pili katika ligi ya mkoa.

Kaka alimsajili mchezaji nyumbani kwa wazazi wake, na ikibidi kumwacha alirudi nyumba ile ile, akabisha hodi, akaketi, akaeleza sababu mbele ya kijana na wazazi, hata wakimtukana, na wapo waliomtukana. Mwaka 2015 ilipombidi kumwacha mwanawe Rodrick, aliyekuwa kipa wa tatu, alitoka nje ya nyumba yake mwenyewe, akapiga hodi, akakaa kiti cha wageni na kumweleza mkewe. Shemeji Jenifa alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimekusikia, Katibu, lakini leo chai ya wageni hakuna." Rodrick alinuna hadi Pasaka.

Mei 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Agosti mwaka huu kamati ya klabu ilikutana, ikaamua kwa kura kwamba katika dirisha dogo la usajili la Desemba waachwe wachezaji tisa, waje wenye uzoefu kutoka Mbeya na Dar es Salaam, ili klabu ipande daraja haraka. Kaka alipinga, alisema wageni hao watakaa nasi vizuri hadi Mei, baridi ya Juni ikianza wataulizia basi la kurudi, lakini alishindwa kwa kura, na hakujiuzulu, alisema uamuzi wa kamati ni wake pia. Wenzake walitaka vijana watumiwe ujumbe wa simu, yeye akaomba muda afike kwao.

Tulimsihi apumzike, hakukubali. Alikwenda Igwachanya kwa bodaboda miguu ikiwa imevimba, siku za kliniki akitoka kwa daktari katika hospitali ya Ilembula alipitia kwa wazazi wa huko, na siku ya Lupembe alinyeshewa njia nzima. Alifika nyumba nne. Tarehe 6 Novemba alizidiwa, akalazwa, na kitandani alimwomba Nahumu ampe viatu. Nahumu akamwambia, "Baba, viatu vyako viko Makambako." Akasema, "Basi niazime vyako." Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi alasiri, Bwana alimwita, akiwa na miaka sitini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Ilembula, waliomhudumia kwa upole hata alipokuwa mbishi, majirani walioacha kupanda wakaja kukaa nasi, wastaafu wenzake wa reli, wazee wa usharika, na klabu kwa jeneza na gari.

Viongozi wa klabu, nyumba tano bado hazijafikiwa. Vijana wamekwisha kusikia kuwa wapo watakaoachwa, ila hakuna anayejua kama ni yeye, na wote wameshika jembe leo. Majina hatuyasomi hapa, wala familia haipingi kura yenu. Tunaomba tu ujumbe wa simu usitumwe. Jumatatu Nahumu atakuwa na pikipiki stendi ya Makambako tangu saa moja asubuhi, njia anazijua, na nafasi ya nyuma ni ya yeyote kati yenu aliyenyoosha mkono siku ile ya kura.

Kaka, umechoka, nasi tumeona ulivyochoka. Bwana uliyemtumikia akupokee, pumzika kwa amani.